Magoti

Lori la sukari lilipinduka kona ya Isongole
saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba,
majani ya viazi yakiwa meupe kwa sakitu.
Mifuko ilipasuka. Watu walitoka na madebe,
na kanga, na beseni la kuogeshea mtoto.
Mimi pia nilitoka na ndoo. Nisiseme uongo.

Utingo alikuwa chini ya bodi, kuanzia kiuno.
Akaniita kwa Kisukuma, neno silijui hadi leo.
Nikapiga magoti. Ndoo ikabiringika, ikaenda zake.
Nilimshika shavu mpaka jua lilipogusa mianzi
na shavu likapoa kuliko kiganja.
Jina nililisoma baadaye, kwenye karatasi ya polisi:
Luhende.

Ambilikile, mtoto wa dada, yuko likizo ya chuo.
Anachokoachokoa makaa, ananieleza
kwa upole, kama daktari na majibu ya vipimo:
“Mama mdogo, pale hukuona wema wowote.
Zamani, kabla ya majina, walioachana waliliwa.
Waliosaidiana wakazaa, wakatuachia huruma
kama walivyotuachia vidole vitano.
Ilitusaidia kuishi. Haijui kweli wala uongo.
Tungetokana na tai wa kule majabalini,
ambao kinda la kwanza humdonoa mdogo wake hadi afe,
tungeita hiyo adabu njema.”

Nikamwuliza: na jicho je?
Nalo lilinolewa na woga wa chui,
mbona likitazama Rungwe, Rungwe upo?

Akacheka kidogo. “Chui alikuwepo, mama mdogo.
Aliyemwona akakimbia, akapona.
Lakini huo wema wako
ulikuwa umelala tawi gani?”

Sikuwa na jibu. Niliepua maziwa.

Usiku niliifikiria ile ndoo.
Kama huruma ni urithi, basi na ndoo ni urithi.
Babu yuleyule wa porini alinipa mikono miwili,
mmoja wa kushika shavu, mmoja wa kuzoa sukari.
Nani alisimama katikati yake akasema, huu?
Urithi wa tatu, atasema Ambilikile.
Sawa. Na huyo akihojiwa, wa nne.
Lakini yeye anayenisihi nisijidanganye,
nani kamwambia kujidanganya ni vibaya?
Nilitaka kumwamsha nimwulize.
Alikuwa anakoroma, blanketi limemdondoka.
Nikamfunika.
Nikasimama pale, nikijishuku mkono.

Asubuhi ukungu umeshuka hadi mlangoni.
Rungwe hauonekani, hata bati la jirani halionekani.
Napanda shambani, jembe begani,
na magoti yanaanza kuuma palepale yanapouma kila siku,
pale njia inapoinuka.

Ambilikile yuko nyuma, simwoni.
Namsikia naye anahema.