Sukari na Sabuni

Mudoma aliziweka mbili juu ya kaunta,
juu ya kitambaa cha kufutia miwani,
dukani kwake, barabara ya Naboa,
kati ya fundi simu na muuza magodoro.
"Zote zinabadilisha lenzi," akasema.
"Zote zimetumika. Hazijachoka."

Ya kwanza ina nundu kichwani
na kitundu cha kuchungulia,
bega la chuma, mshiko wa kujaa kiganja.
Ukiishika unanyooka mgongo.
Ya pili bapa, haina kitundu,
lenzi yake nyembamba kama biskuti;
unatazama kioo cha nyuma tu
kama mtu anayesoma ujumbe wa mkopo.

Nami si mpiga picha. Ni mkaguzi wa kahawa,
natembea ghala hadi ghala
nikihesabu punje zilizotobolewa na wadudu.
Nataka jicho la siku zote,
si la harusi.

"Nipe wiki," nikamwambia,
nikaenda kwa muuza nafaka nikapima:
robo tatu ya sukari, badala ya ile yenye nundu;
kipande cha sabuni ya bluu, badala ya ile bapa.

Jumatatu sukari ilikuwa heshima.
Jumanne ikawa mgeni.
Jumatano, nikipanda Busano, ikawa deni.
Alhamisi nikaiacha mezani,
nikajiambia leo hakuna la kuona.

Alhamisi hiyohiyo, mvua ilipokatika,
Wanale ukashusha maji meupe, nyuzi sita, saba,
na bodaboda akapita na abiria
aliyekumbatia kioo cha kabati,
na ndani ya kioo mlima mzima
ulikuwa unahama mji.
Nilisimama mikono mitupu.
Hata sabuni ya kuuelekezea sikuwa nayo.

Ijumaa nikabeba sabuni. Nikaisahau.
Usiku niliikuta mfukoni mwa koti
imevaa vumbi la kahawa.

Lakini jua! Mudoma mwenyewe
alinitoa nje saa sita kunionyesha,
muuzaji wa ajabu, anayejiharibia biashara:
"Tazama kioo. Unaona nini?"
Niliona pua yangu.
"Na lenzi hiyo ya biskuti haivuti mbali.
Ndege atabaki nukta."
"Sina ndege," nikasema.
"Na kama hutabadilisha lenzi, simu ina kosa gani?"
Nikamjibu ovyo. Nikafika hadi kwa muuza magodoro,
nikarudi nikamjibu tena:
mlango nisioufungua leo bado ni mlango.

Nikalipa laki tisa, akiba ya misimu miwili;
laki mbili nitamalizia kahawa ikiuzwa.
Betri moja. Mkanda wa mtu mwingine,
jina lake kwa wino, limefutwa na jasho,
limebaki "W" na mkia wa herufi.

Mama hapigwi picha anapochambua kahawa.
Ukiinua kitu hadi jichoni, naye huinua ungo hadi usoni;
ndivyo alivyowafanyia wageni wa mradi,
wakarudi na picha kumi na nne za ungo.

Mimi sikuinua kitu. Jua lilikuwa utosini,
kioo kipofu kama alivyosema Mudoma.
Nikachukua leso yake,
nikajifunika kichwa na kamera pamoja,
kama mgonjwa anayejifukiza majani,
na huko gizani nikasikia kicheko.
Kisha nikamwona: Khainza, mama yangu,
ungo umemlalia mapajani,
mdomo wazi, jino la pembeni halipo.
Nikabonyeza.

Imetoka imepinda kidogo,
na kona moja ina ua la leso.
Sukari tuliinywa kwenye chai jioni ile.
Sabuni bado imo kotini.