Daftari la Mweka Hazina

Siku ya kwanza nilimwandikia elfu tano,
bei ya mgeni. Akaisoma, akauliza
Mwavita analipa ngapi.
Mia tano, nikasema, na kipande cha sabuni.
Alhamisi iliyofuata akaja na mia tano mkononi
na sabuni ya mche, kaikata mwenyewe kwa uzi
kama tukatavyo sisi.

Jina lake Chizuru. Tulilikalia kikao.
Likawa Chuzuru, likawa Suzuru,
likaja kutulia kwenye Zuhura, naye akaitika.
Mchana hupima maji ya visima, Gungu hadi Buhanda,
jioni yuko nasi uani kwa Feruzi,
nyuma ya mashine ya kukamua mawese,
anajifunza kiuno.

Kiuno hakuna. Tusidanganyane.
Mabega yanakubali, miguu inahesabu,
ila kiuno kimefungiwa kabatini.
Sikujua akamshika nyonga mbele za watu
kama anayesogeza sufuria jikoni:
"Huku! Huku, mwanangu! Kiuno si mali ya serikali!"
Akacheka hadi akakaa chini. Na sisi tukakaa.
Feruzi akabaki anapiga ngoma peke yake, kwa hasira.

Mwezi wa nane, umeme umekatika tangu adhuhuri,
alikuja hakufunga kanga.
Bibi yangu amezikwa juzi, akasema.
Ningepanda ndege, ningekuta udongo umeshakauka.
Kwao, mwezi huu wafu hurudi nyumbani,
na wenye nyumba huwachezea usiku, wakizunguka,
taa za karatasi zikiwaonyesha njia.
Naweza kuwafundisha? Ni mikono tu.
Akamtazama Sikujua. Kiuno hakimo.

Tukapindua kinu katikati ya ua, ndio mnara.
Taa tukatengeneza kwa mifuko ya kaki ya dukani kwa Ntibalema,
mchanga chini, kipande cha mshumaa juu yake.
Hatua tatu mbele, moja nyuma, kofi moja.
Mikono inainuka, inatawanya kitu, inakikusanya.
Mpunga, alieleza, unaanikwa.
"Mpunga gani," Mwavita akamjibu, "hizo dagaa."
Na mikono yake, iliyoanika Katonga miaka kumi na minane,
ilikuwa imeshajua kabla yetu.

Feruzi alilalamika: mdundo huu ni wa mtu
aliyepoteza ufunguo na hana haraka ya kuingia ndani.
Ndiyo, akasema Zuhura. Piga hivyo hivyo.

Mzunguko wa pili akamtaja bibi yake, Tomie.
Hakulia. Alitaja
kama unavyomwita mtu aje kula.
Sikujua akamtaja mumewe, na deni alilomwachia.
Mimi nikamtaja baba.
Kisha Mwavita, ambaye miaka yote
kwenye mfuko wa kuzikana ananiambia andika watoto watatu,
akasema, "Riziki,"
akaenda hatua tatu, moja nyuma,
"wa miezi saba. Usiku ule tunavuka kutoka Baraka."
Kofi moja.

Hakuna aliyesimama. Ngoma ile haina pa kusimama,
labda ndiyo maana waliitunga hivyo.
Mikono ikaanika, ikakusanya.
Mshumaa mmoja ukala mfuko wake, tukaukanyaga,
tukapita.

Alhamisi iliyofuata Zuhura alichelewa,
tope la kisima hadi magotini.
Nikamtoza faini, mia mbili. Akalipa.
Nikafungua ukurasa wa Mwavita,
nikamwonyesha kwa kidole palipoandikwa watatu.
Akatazama pembeni, kwenye kinu,
kisha akaitikia kwa kichwa.
Nikakata. Nikaandika wanne.
Huko uani Sikujua alishaanza, huku, mwanangu, huku,
na kiuno, bado.