Kabla ya Kuchimba

Kile kiduara cha Kondele, Akeyo,
tutakipanda alfajiri,
askari wa kaunti wakiwa bado usingizini.

Lakini mtaro tusiuzibe;
mvua ya Aprili itaingia kwa muuza omena.
Wala tusipande chochote kirefu:
dereva wa tuktuk amwone mtoto anayevuka.
Mboga hapana. Moshi wa malori utazila kwanza.

Na hilo ua lako la zambarau, lirudishe.
Hata gugumaji ziwani
lilikuja likiitwa zuri.

Mshubiri unatosha: mfupi, mwenyeji,
haudai maji kila siku.
Tumwulize Oluoch fundi viatu;
ukingo ule ni kiti chake miaka tisa.

Ndoo ya Jumanne ni yako.
Usipofika,
hatukupanda. Tulitupa.