Mkono wa Kushoto wa Maalim Sleyum

Jarida letu lina milango miwili.
Msomaji wa Kiarabu huingia kwa kulia,
wa Kiswahili huingia kwa kushoto,
wakutane ukurasa wa kumi na sita, penye pini mbili,
na hapo hapo
Bwana Mundhir keshauza nafasi kwa muuza matairi.

Kazi yangu ni kuwafungulia wote.
Ruwi, ghorofa ya tatu, mwezi wa saba,
kiyoyozi kinakohoa juu ya kompyuta,
chai ya karaki imefunga utando.
Nasogeza herufi kwa upana wa unywele,
narudisha nusu yake.
Kiarabu kinataka hewa kichwani, irabu zisigongane,
Kiswahili kinataka hewa kiunoni:
neno moja tu, *wangalitutumbuizia*,
limemeza safu nzima na bado linadai.

Picha ni moja. Maalim Sleyum na udi,
miaka mitatu kabla ya kufa kwake,
sebuleni kwake Al Khoudh, uso upande,
shingo ya udi na macho yake vyaelekea kushoto.
Kwa jalada la Kiarabu, sawasawa:
anatazama mahali pa kufungulia.
Kwa jalada la Kiswahili anatazama mshono,
kama mgeni aliyeketishwa akielekezwa ukutani.

"Mgeuze," akasema Mundhir, simu sikioni.
Nikamgeuza. Kidole kimoja, kitufe kimoja.
Kalenda ya ukutani nilikwisha kuifuta,
hapakuwa na tarakimu ya kunisuta.
Nikaweka jina la jarida juu ya kofia yake,
rangi ya manjano, ile ya bizari iliyokaangwa,
nikaenda kulala nikijisifu.

Asubuhi nikampelekea mjane wake karatasi za majaribio.
Bi Zawena akavaa miwani, akavua, akavaa.
"Huyu wa Kiarabu ndiye.
Huyu wa Kiswahili ni nani?"
Nikasema, ndiye yeye, Bibi, picha ni ile ile.
Akaniekea kidole juu ya mkono unaopiga.

"Mume wangu alikuwa wa kushoto.
Chuoni walimfunga kwa kitambaa mpaka akazoea:
kula kwa kulia, kuandika kwa kulia, kutoa salamu kwa kulia.
Udi peke yake ndio hakukubali kuuhamisha.
Alizipindua nyuzi zote, za juu zikaja chini,
kila fundi akimcheka.
Huyu uliyemtengeneza anapiga kama watu."

*Kama watu.* Neno lile nilishuka nalo ngazi,
nikaingia nalo garini, usukani unaunguza,
nikapita nalo mizunguko yote mpaka Ruwi.

Nikamrudisha alivyokuwa.
Mundhir akapiga kelele: kanuni ya kwanza ya jalada,
uso uelekee ndani! Hata mtoto anajua!
Nikamwambia kanuni naijua, nilifunzwa kwa ada kubwa.
Nikasogeza jina la jarida likae nyuma ya kisogo,
nikapunguza manjano, nikapanua kivuli,
mkono wa kushoto nikauacha uvuke ukingo,
milimita tatu za wino zitakazokatwa na kisu.

Biju wa kiwandani Wadi Kabir,
Kiswahili chake ni hesabu na matusi tu, tulivyomfunza sisi,
akachomoa karatasi ya kwanza ikiwa bado na joto.
Akaigeuza. Akaigeuza tena.
"Kosa?"
"Hapana."
"Kosa," akasema, akaendelea kuchapa.

Usiku nikalilaza jarida kifudifudi mezani,
mgongo wazi, majalada yote mawili yakitazama dari.
Sikuwa nimepanga hili, wallahi.
Maalim wa Kiswahili yuko upande wa kulia,
anamtazama Maalim wa Kiarabu kisogoni,
na yule wa mbele hatazami nyuma,
wawili na nyudi zao, mshono katikati,
kama watu kwenye foleni ya benki,
wa nyuma akisubiri, bila haraka,
zamu yake iitwe.