Onyesha Njia

Mwalimu Ndekirwa alifariki Jumanne
kabla ya chai ya saa nne.
Jumatano usiku akafariki tena,
safari hii kwenye seva yangu.

Nilikuwa Majengo, chumba cha juu ya duka la mabati,
blanketi mabegani, Julai ya Moshi ikipenya dirishani.
Katibu Kileo akapiga: "Ukurasa haufunguki.
Watu wa Mwanza hawaioni namba ya michango.
Kuna mtu yuko Kanada ananiuliza tunazika lini."

Nikaingia kwa mlango wa nyuma,
herufi nyeupe juu ya giza.
Logi ilikuwa imeandika, bila hata pole,
neno ambalo kwa lugha yetu ni hili:
kumbukumbu imekwisha, nimeua hifadhidata.

Kumbukumbu imekwisha.
Na mtu hajazikwa.

Tunalipa elfu kumi na tano kwa mwezi, hela ya kwaya,
tunapewa megabaiti mia tano na kumi na mbili
katika ghala fulani la Ujerumani:
chumba kimoja, na msiba wote umo ndani.

Nikafungua mipangilio. Nani aliiandika? Mimi.
Nimeruhusu vibarua mia na hamsini waingie kwa pamoja,
kila mmoja anakula megabaiti thelathini.
Nikaisikia chaki ikigonga ubao wa Kiboriloni:
"Thelathini mara mia na hamsini ni ngapi?
Na wewe mfukoni unazo ngapi?
Usinipe jibu. Onyesha njia."

Haya, Mwalimu.
Mia tano na kumi na mbili.
Toa mia na hamsini za hifadhidata.
Toa mia za mashine yenyewe.
Inabaki mia mbili sitini na mbili,
gawanya kwa thelathini:
nane, baki ishirini na mbili.

Vibarua nane.
Wengine wapange foleni, kama maji ya mfongo kule Mbokomu,
mwenye ekari ya migomba na mwenye kitalu cha mchicha
kila mmoja na zamu yake.
Na ile baki nisiigawe.
Baki, alisema, ni ya kupumulia.

Kisha nikaona kosa kubwa zaidi.
Kila aliyebisha hodi, seva ilikwenda kuuliza upya:
nani amefariki, anazikwa wapi, ibada saa ngapi,
na hifadhidata ikainuka kujibu yale yale,
kama mjane anayeulizwa na kila aingiaye
ilikuwaje, mama, ilikuwaje.
Nikaandika jibu mara moja, nikalibandika mlangoni.
Mjane akapumzika.

Ikabaki picha.
Aikande, binti yake, alituma ya megabaiti sita,
unaweza kuhesabu nyuzi za kola.
Nikampunguza Mwalimu. Sikupenda, nikampunguza
mpaka kilobaiti arobaini,
nikimwangalia kila hatua asije akapotea:
miwani ipo, pengo la meno lipo,
vumbi la chaki kwenye mkono wa koti
ukijua pa kutazama, lipo.

Nikatenga na sehemu ya diski kwa ajili ya dharura,
kumbukumbu ya pembeni, nzito kama mlango wa stoo,
nikawasha upya.

Wakaingia. Arobaini. Mia. Mia saba.
Darasa la themanini na nane, darasa la tisini na tatu,
nesi wa Tabora, fundi wa Tunduma,
mmoja alichanga elfu mbili akaandika,
"Alinichapa kwa sababu ya sehemu. Sasa nauza vitambaa, sikosei."
Seva ikapumua. Haikuua mtu.

Kileo alipiga alfajiri kusema inafunguka haraka,
kisha akauliza kwa nini picha imekuwa ndogo.
Sikumjibu.

Mtihani wa mwisho wa Mwalimu nilipata kumi na tisa kwa mia.

Leo Ijumaa tumemzika, mvua nyepesi, migomba imelowa.
Nimerudi, nimetazama mashine:
zimebaki ishirini na moja.
Moja sijui imekwenda wapi.
Angeniuliza.