Mjumbe Hauawi

Badri alikuja Jumatatu na sensa ya pili mfukoni,
mpya, ingali ndani ya kiboksi chake,
akaiweka juu ya benchi langu kama mtu alipaye deni.
"Nestan, ifunge tu. Kompyuta imesema ni hii."

Kompyuta haikusema ni hii.
Kompyuta ilisema: sisikii neno kutoka upande ule.
Kuna mjumbe aliyekufa, Badri,
na kuna mjumbe abishaye hodi
kwenye mlango usiofunguliwa.
Ile ya kwanza uliyoitupa ilikuwa nzima.

Gari lenyewe jeupe, limevuka bahari ndani ya kontena,
likashushwa Poti, likapigwa rangi ubavuni,
likauzwa hapa Rustavi kwa maneno matamu:
la bikizee mmoja wa Amerika,
kanisani na kurudi, basi.
Sasa kila likigusa themanini kwenye barabara ya Tbilisi
mshale unaanguka hadi sifuri,
giaboksi inang'ang'ania gia ya tatu, haiachi,
na Tamta, binti yake, anapigiwa honi na malori ya chuma chakavu.

Nikalipandisha, magurudumu hewani.
Upepo wa Januari ukipenya chini ya mlango,
vidole vyangu havikuwa vyangu.
Kipimo kwenye miguu ya sensa: ohmu mia sita na kumi.
Nikamwambia akanyage mafuta, taratibu.
Volti zikapanda, nusu, moja, moja na ushei,
sensa ilikuwa ikisema, tena kwa ufasaha.
Nikahamia upande wa pili, kwenye plagi ya kompyuta,
nikachomeka sindano zilezile.

Kimya.
Kisha kidogo.
Kisha kimya.

Basi ni njiani.

Nikang'oa kiti, nikafunua zulia,
nikautembeza mkono juu ya fungu la nyaya
kama mama atafutaye mwiba katika samaki wa mtoto.
Ganda jeusi, zima, linang'aa,
hakuna panya, hakuna mkwaruzo.
Lakini chini ya kanyagio la breki palikuwa laini
mahali pasipostahili kuwa laini.
Nikapasua kwa wembe.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako.
Ndani hamkuwa na shaba. Mlikuwa na unga wa kijani,
na nyuzi mbili tatu zilizoshikana kwa mazoea tu,
zikigusana gari likisimama,
zikiachana likitikisika.

Badri hakuwa akiutazama waya.
Alikuwa akitazama ukuta wa mlango, nyuma ya zulia,
mstari wa tope ulionyooka kama uliopigwa rula,
na juu yake, ameganda, konokono mdogo mweupe, mtupu,
wa mto ambao mimi wala yeye hatuujui jina.

"Bikizee wa kanisani," akasema.
"Labda kanisa lilikuwa ng'ambo," nikasema.
Hakucheka. Mimi nilicheka kidogo, kisha nikaacha.

Nikakata waya nikitafuta shaba nyekundu.
Kidole kimoja: nyeusi. Viwili: nyeusi.
Karibu shubiri nzima ndipo ikaonekana,
nyekundu kama ndani ya mdomo.
Nikaunga waya mpya, nikalehemu,
nikavalisha mpira, nikaupasha moto ukakaza.
Mshale ukapanda, ukakaa.
Gia ya nne ikaingia bila kuulizwa.

Nikamrudishia kiboksi chake. "Kakirudishe dukani."
"Limepona?"
"Waya huu umepona."
Akalitazama fungu lililobaki, nyaya arobaini au zaidi,
zote zililala katika maji yale yale.
Sikumwongezea neno. Bei nilikuwa nimeshaipunguza.

Akaingia, akakaa nyuma ya usukani, hakuwasha.
Kioo kikateremka.
"Yalifika wapi, Nestan?"
Nikamwonyesha kwa kiganja, pale, chini kidogo ya goti.
Akainua miguu yake yote miwili, taratibu,
akaishikilia hewani
kama maji yangalimo.