Tangi Tatu

Karani wa sensa aliniuliza jina la kijiji.
Nikamwambia: Tangi Tatu.
Akapekua kishikwambi chake juu, akakipekua chini,
akasema halimo, basi aandike "karibu na Rongai".
Karibu na!
Kana kwamba mtu huzaliwa karibu na.

Andika, mwanangu, hata pembeni.
Hapa palikuwa nyasi tu, nyasi za kufika kifua cha punda,
na ng'ombe wa watu ambao majina yao hayakushikwa na kalamu,
waliohamishwa asubuhi moja ili reli ipite.
Gari la moshi lilipanda kutoka bondeni likiwa na kiu.
Wengine asili yao ni shujaa, wengine mto;
sisi tulizaliwa na kiu ya chuma.
Matangi matatu juu ya miguu ya mitarakwa,
bomba lenye shingo kama ya korongo,
na Hirji akafungua duka kwa sababu abiria walishuka kujinyoosha:
chumvi, mafuta ya taa, kandarinya kwa mkopo.

Baba yangu, Owuor Nyagudi, alitoka Nyakach
na bendera mbili zimekunjwa ndani ya gazeti.
Kazi ya miezi mitatu, walimwambia.
Alikaa miaka thelathini na minne.
Ngano ilikuja ikala nyasi mpaka ukingoni mwa reli.
Uhuru wenyewe ulitufikia siku mbili baadaye,
juu ya behewa la mbolea,
dereva akipiga honi kama aliyeoa.

Halafu siku moja likaja gari la dizeli.
Halikusimama.
Baba aliinua bendera ya kijani, akaishikilia hivyo
hadi vumbi likatua kwenye kofia yake.
Hakuna aliyekuwa amemwambia
kwamba magari yameacha kunywa.

Hirji aliondoka na mizani yake. Kitabu cha madeni alituachia;
tulikiwashia moto, ukurasa kwa ukurasa,
mama akisoma jina kwanza.

Kuna jambo ambalo fomu yako haina kisanduku chake.
Ule mwaka majirani walipoulizana babu zao walitoka wapi,
Nyakio wa pareto alilala siku tisa ndani ya tangi la pili,
kavu, Januari,
na Chebobei alimpitishia mursik kwenye tundu la bomba,
kibuyu chembamba alichokichonga makusudi.
Hawakuwa marafiki. Walikuwa na kesi ya mpaka.
Bado wanayo.

Wanunuzi wa vyuma chakavu walikata tangi la kwanza,
wakarudi wakakata la tatu.
La pili tuliwagomea, sote, hata Chebobei na fimbo yake.
Sasa hukinga mvua ya paa la shule.

Kaya kumi na moja. Watu thelathini na wanane,
ngoja, thelathini na tisa:
Jerotich kajifungua alfajiri, kabla hujabisha hodi.
Mahali pa kuzaliwa? Nimeshakutajia.

Kijana akanitazama, akatazama ile mashine.
Jua lilikuwa utosini, na Rongai ni mbali kwa miguu.
Akafuta jasho, akaona haya kidogo,
akaomba maji.

Nikachukua kikombe.
Karibu, nikamwambia. Hapa wote walianza hivyo.